Kikomo cha mishahara kinapasuka na kikosi bado hakijajengwa: dalili, vyanzo na la kufanya

Simu ninazopigiwa na makatibu wa timu za soka za huku kwetu Kenya, kuanzia Nakuru hadi Busia, huanza kwa maneno karibu yale yale: "Tulikubaliana bili ya mishahara isipite milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Karatasi inasema tuko ndani. Mbona hatulipi kwa wakati?" Anayepiga simu mara nyingi amekabidhiwa kazi mbili zinazovutana: apunguze bili ya mishahara, na papo hapo ajenge kikosi kipya. Nimekikalia kiti hicho Kisumu misimu kadhaa, na mengi ya makosa yaliyo hapa chini niliyafanya kwa mikono yangu.

Kikomo ninachokizungumzia ni kile ambacho klabu hujiwekea yenyewe. Ulaya, shirikisho lao la soka, UEFA, ndilo linalowawekea: gharama ya kikosi, yaani mishahara ya wachezaji na makocha pamoja na ada za uhamisho na za mawakala, ilitakiwa isizidi asilimia 90 ya mapato msimu wa 2023/24, ikashushwa hadi 80 msimu uliofuata, na kuanzia 2025/26 ni 70. Mimi huziambia timu za huku zisipite 60. Sababu itajitokeza mbele.

Kabla ya kutafuta tatizo, weka mezani vitu vitatu: mikataba yote iliyotiwa saini, taarifa za benki na M-Pesa za miezi 12, na simu ya mwenyekiti. Ndiyo, simu yake. Ahadi zilizopasua bajeti nyingi nilizozikagua hazikuwa kwenye mkataba. Zilikuwa kwenye WhatsApp, zimeandikwa saa nne usiku, siku moja kabla ya dirisha la usajili kufungwa.

DALILI YA 1: Karatasi inaonyesha mko chini ya kikomo, lakini mishahara inachelewa kila mwezi

Hii ndiyo inayoongoza. Vyanzo vyake, kuanzia kinachopatikana zaidi:

Chanzo cha kwanza: mmeahidi pesa ya mkononi, mkaandika kama pesa ya kabla ya makato.

Mchezaji anauliza, "Nitapata ngapi?" Kiongozi anajibu, "Arobaini." Mchezaji amesikia arobaini elfu mfukoni mwake. Mweka hazina ameandika arobaini elfu kwenye bajeti. Hakuna aliyesema uongo, na tayari mna pengo.

Tuhesabu kwa viwango vya mwaka 2025. Aliyeandikiwa 40,000 kabla ya makato hukatwa mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF asilimia 6, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, kisha kodi ya mapato, PAYE. Anabaki na kama 32,750. Klabu nayo huongeza NSSF asilimia 6 ya kwake, tozo ya nyumba asilimia 1.5 na shilingi 50 za tozo ya mafunzo ya NITA, kwa hiyo mchezaji huyo anaigharimu klabu 43,050. Sasa geuza. Aliyeahidiwa 40,000 mkononi inabidi mshahara wake wa kabla ya makato uwe karibu 51,550, na klabu itatoa kama 55,460. Tofauti kati ya maelewano hayo mawili ni zaidi ya 12,400 kwa mtu mmoja. Kwa wachezaji 20, ni karibu robo milioni kila mwezi ambayo haipo popote kwenye bajeti.

Ukaguzi rahisi: chukua wachezaji watano, linganisha pesa iliyoingia kwenye simu zao na tarakimu iliyo kwenye mkataba. Zikiwa sawasawa kabisa, ama klabu inawalipia kodi bila kujua, ama makato hayapelekwi. Hali zote mbili ni mbaya, ya pili zaidi.

Tiba: kila mkataba mpya uwe na tarakimu tatu kwenye ukurasa mmoja: mshahara kabla ya makato, makadirio ya pesa ya mkononi, na gharama kwa klabu. Kikomo chako kihesabiwe kwa tarakimu ya tatu. Mpe mchezaji karatasi ya mshahara kila mwezi; Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aitoe, na ubishi mwingi huishia hapo.

SIMAMA HAPA: ukigundua kwamba makato ya wachezaji yamekuwa yakikatwa lakini hayafiki mamlaka ya kodi (KRA), NSSF na mamlaka ya bima ya afya (SHA), usijaribu kuyarekebisha mwenyewe kimyakimya. PAYE ya mwezi inatakiwa kulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na adhabu na riba hujilimbikiza. Tafuta mhasibu aliyesajiliwa, mwende KRA mkaombe mpango wa kulipa kabla wao hawajaja kwenu.

Chanzo cha pili: gharama za mchezaji ambazo hakuna aliyeziita mshahara.

Msimu mmoja kiungo wetu aliingia ofisini Jumatatu asubuhi, njumu zimening'inia mkononi, kamba zimefungwa pamoja, matope ya Jumamosi bado yamegandamana kwenye soli. Alikuwa hajalala kwake. Mwenye nyumba kule Manyatta alikuwa ameweka kufuli yake juu ya kufuli ya mpangaji. "Jakom aliniambia klabu italipa nyumba," alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Nikafungua faili lake. Mkataba haukuwa na neno nyumba popote. Nikampigia huyo Jakom, yaani mwenyekiti. "Ni kweli, nilimwambia," alijibu.

Kodi ilikuwa 6,500 kwa mwezi, na mitatu haikuwa imelipwa. Jioni ile nilipitia kikosi chote, mtu mmoja mmoja, nikikuta ahadi ya nyumba kwa wachezaji tisa. Shilingi 58,500 kwa mwezi. Na bado sikuwa nimefika kwenye nauli za wanaotoka Kakamega na Siaya, ada ya shule ya mdogo wa mtu, na pesa za kusaini zilizogawanywa kwa awamu tatu ambapo awamu moja tu ndiyo iliyoandikwa.

Ukaguzi rahisi: muulize kila mchezaji peke yake, kwa heshima, "Uliahidiwa nini ambacho hakiko kwenye mkataba?" Andika bila kubishana. Kisha mpelekee mwenyekiti orodha, akubali au akatae mstari kwa mstari, atie saini.

Tiba: kilichokubaliwa kiingie kwenye nyongeza ya mkataba na kihesabiwe ndani ya kikomo. Pesa za kusaini zigawe kwa miezi ya mkataba ili uone uzito wake halisi: 120,000 kwa mkataba wa miezi 24 ni 5,000 kwa mwezi, hata kama umezitoa siku moja. Na kuanzia siku hiyo, klabu iwe na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kutamka tarakimu mbele ya mchezaji. Sisi tulikuwa na wanne.

Chanzo cha tatu: pesa inaingia kwa robo ya mwaka, mishahara inatoka kwa mwezi.

Mfadhili analipa kila baada ya miezi mitatu, na huchelewa. Fedha za kaunti hufuata mwaka wa serikali unaoanza Julai 1, na miezi ya mwanzo huwa mikavu. Mkataba wa mchezaji ni wa miezi 12 ilhali kiingilio cha uwanjani kinapatikana miezi ya ligi tu. Halafu kuna safari. Timu ya Kisumu inayokwenda kucheza Mombasa inasafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda tu, na hoteli haikubali "tutatuma kesho".

Ukaguzi rahisi: chora jedwali la miezi 12, juu pesa inayoingia, chini inayotoka. Weka kila shilingi kwenye mwezi itakaofika benki, usiiweke kwenye mwezi ilioahidiwa. Miezi yenye shimo utaiona kwa macho.

Tiba: kikomo kihesabiwe kwa pesa yenye saini tu. Ahadi ya mwanasiasa jukwaani siku ya debi haiingii kwenye hesabu mpaka ifike. Na hapa ndipo hoja yangu ya asilimia 60 ilipo. Klabu zetu nyingi zimeegemea mlango mmoja wa mapato. Ukanda wa miwa tunaujua: Chemelil, Muhoroni, Nzoia, SoNy, timu zilizozaliwa na viwanda vya sukari, kiwanda kikiyumba, timu inayumba. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa kwenye udhamini wa michezo Kenya mwaka 2019, ligi nzima ilitikisika, Gor Mahia na AFC Leopards wakiwemo. Msimu huo huo SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa 2006, iliondolewa ligini baada ya kukosa kufika kwenye mechi tatu. Klabu ya Ulaya yenye milango mitano ya mapato inaweza kuishi kwa 70. Yenye mlango mmoja iache nafasi ya kupumua.

Chanzo cha nne, cha nadra lakini kipo: majina ya walioondoka bado yako kwenye orodha ya malipo. Linganisha orodha ya malipo na orodha ya mazoezi ya wiki moja. Dakika kumi zinatosha.

DALILI YA 2: Mmeachilia wachezaji wanane, bili haikushuka

Katika NFL, ile ligi ya futiboli ya Kimarekani, kikomo cha mishahara ni sheria ya ligi. Timu ikimkata mchezaji, sehemu ya pesa zake za kusaini ambayo ilikuwa bado haijahesabiwa huendelea kukaa kwenye kikomo hata kama yeye yuko kwao nyumbani. Wanaiita pesa mfu. Sisi hatuna jina hilo, lakini pesa zenyewe tunazo.

Chanzo kinachoongoza ni kwamba mchezaji "aliachiliwa" kwa mdomo. Kocha alimwambia hayumo kwenye mipango yake, akarudi kwao, na mkataba wake bado una miezi 14. Kila mwisho wa mwezi deni linakua bila kelele. Kinachofuata ni fidia iliyokubaliwa kwa awamu bila kuingizwa kwenye bajeti. Kisha ni hesabu ya kubadilishana: wanane wametoka, kumi na mmoja wameingia, kila mmoja "kwa bei nafuu", na jumla imepanda. Mwisho ni malimbikizo ya zamani ya hao hao walioondoka.

Ukaguzi rahisi: kwa kila aliyeondoka, tafuta karatasi moja yenye saini mbili inayosema mkataba umekwisha, tarehe gani, na nani anamdai nani. Kama haipo, mhesabu kama bado yuko kikosini.

Tiba: makubaliano ya kuvunja mkataba kwa hiari, yenye kiasi, tarehe za malipo, tamko kwamba hakuna dai lingine, saini na shahidi, na nakala kwa shirikisho la soka. Anza na wale ambao miezi iliyobaki, ukiizidisha kwa mshahara, inatoa deni kubwa zaidi. Usianze na chipukizi wa 12,000 kwa sababu tu ni rahisi kumwambia. Uzoefu wangu ni kwamba mchezaji hukubali kiasi kidogo kinacholipwa siku ile ile kuliko kiasi kikubwa cha awamu sita, kwa kuwa awamu zetu anazijua.

Nani aondoke? Usikate kwa ukubwa wa mshahara peke yake. Ligi kuu ya timu 18 ina mechi 34, yaani dakika 3,060 kwa msimu. Chukua gharama ya mchezaji ya mwaka, gawa kwa dakika alizocheza. Yule wa 40,000 mkononi anaigharimu klabu kama 665,500 kwa mwaka. Kama alicheza dakika 900, kila dakika ni shilingi 739. Mwenzake wa 40,000 kabla ya makato anagharimu 516,600. Alicheza dakika 2,700, kila dakika ni 191. Hesabu hii haijui nani alikuwa majeruhi wala nani anawatuliza vijana kipindi cha pili timu ikiwa nyuma, kwa hiyo kaa na kocha mkiisoma. Mimi binafsi sijawahi kujuta kumbakiza kipa mzoefu na beki wa kati anayezungumza. Nimejuta kumbakiza mshambuliaji wa zamani kwa sababu mashabiki wa Kondele walimpenda.

SIMAMA HAPA kabla ya kutoa barua ya kumwachisha mtu bila hiari yake. Chini ya Sheria ya Ajira, mwajiri anatakiwa aeleze sababu kwa lugha mfanyakazi anayoielewa, amsikilize, na amruhusu kuja na mwenzake. Ukiruka hatua hiyo, Mahakama ya Ajira, ambayo inaketi Kisumu na Nakuru pia, inaweza kukuamuru ulipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Ada ya wakili wa kusoma barua moja ni ndogo mno ukilinganisha na hiyo. Na tafadhali, msimfukuze mtu kwa kumtesa, kumfanyisha mazoezi peke yake saa saba mchana ili achoke aondoke mwenyewe. Kanuni za FIFA zinautaja mwenendo huo wazi: mchezaji anayesukumwa hivyo anapata haki ya kuvunja mkataba, na klabu ndiyo inayobaki na deni. Hata bila kanuni, ni mtoto wa mtu.

DALILI YA 3: Mmepokea barua ya siku 15

Hapa hakuna vyanzo vya kupanga. Chanzo ni kimoja: mishahara ya miezi miwili au zaidi haijalipwa. Kifungu 14bis cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kilichoanza 2018, kinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba klabu ikikosa kumlipa kinyume cha sheria angalau mishahara miwili ya mwezi, mradi ameiandikia na kuipa angalau siku 15 za kulipa deni lote.

Fanya haya siku hiyo hiyo. Andika tarehe barua ilipofika, na nani aliipokea. Hesabu deni kwa risiti, si kwa kumbukumbu. Huenda mlishamtumia sehemu kwa M-Pesa ya mwenyekiti na haikuandikwa popote. Piga kelele ndani ya kamati mpaka pesa ipatikane. Deni lote likilipwa ndani ya muda, msingi wa barua unaondoka. Likisalia nusu, usitegemee huruma.

Usimjibu mchezaji kwa WhatsApp. Usimwite msaliti mbele ya wenzake. Na usiifiche barua kwenye droo ukingoja mkutano wa Jumamosi, kama ilivyofanyika mahali nilipokuwa. Tulipoifungua zilikuwa zimebaki siku mbili.

SIMAMA HAPA: barua hii ni ya wakili, hasa kama mchezaji ni raia wa nchi nyingine. Mganda au Mkongo anaweza kuipeleka kesi yake FIFA moja kwa moja, na uamuzi ukitoka, klabu isiyolipa huzuiwa kusajili.

DALILI YA 4: Pesa ipo, mchezaji amekubali, usajili unakataa

Angalia kwanza mambo madogo. Dirisha limefungwa? Jina kwenye pasipoti na kwenye cheti cha shule yanafanana? Klabu yake ya zamani imempa barua ya kumwachilia, au bado ana mkataba nayo ambao yeye mwenyewe ameusahau? Mara nyingi tatizo huwa hapo, na siku mbili za kufuatilia zinatosha.

Kama yote yako sawa, kagua madeni. Chini ya kifungu 12bis cha kanuni hizo hizo za FIFA, klabu iliyochelewesha malipo zaidi ya siku 30 bila sababu ya msingi, baada ya mdai kuiandikia na kuipa angalau siku 10, inaweza kuadhibiwa, na kuzuiwa kusajili ni mojawapo ya adhabu. Kwa klabu inayojenga kikosi upya hilo ni pigo kuliko faini, kwa sababu umeshawaachilia wa zamani na wapya hawawezi kuingia. Ndiyo maana nasema madeni ya walioondoka yalipwe kabla ya pesa za kusaini za wanaokuja. Mpangilio huo hauna raha yoyote, na hakuna shabiki atakayeupigia makofi.

Cha nadra zaidi ni fidia ya mafunzo. Kijana aliyevuka mpaka wa Busia au Malaba kuja kwenu kabla mwaka wa kutimiza miaka 23 haujaisha anaweza kuja na dai kutoka klabu zilizomlea. Uliza kabla ya kusaini.

Jambo moja linalohusiana: kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba utegemee kupita vipimo vya daktari au kupata kibali cha kazi. Ukishatia saini, goti bovu ni lako. Vipimo kwanza, kalamu baadaye.

Chini ya kikomo cha mishahara cha ligi ya Uhispania, Barcelona walikubaliana na Lionel Messi mwaka 2021 na bado walishindwa kumsajili, akaondoka akilia mbele ya waandishi. Kukubaliana na mchezaji ni hatua moja tu.

DALILI YA 5: Wapya wanalipwa kuliko wenyeji, na chumba cha kuvalia kimenyamaza

Mishahara haina siri. Wanaishi pamoja, wanakopeshana, wanajua. Chanzo huwa ni usajili wa haraka wa dirisha dogo, ambapo kila mchezaji aliuza bei yake kulingana na hofu ya klabu siku ile.

Weka ngazi tatu au nne za mshahara na uandike kinachompandisha mtu ngazi: dakika alizocheza, misimu aliyokaa, jukumu lake. Ambaye bei yake inapita ngazi ya juu kabisa asisajiliwe, hata kama anatoka Nairobi na jina lake linajaza uwanja. Kwa waliokwisha saini usiguse mshahara bila makubaliano ya maandishi. Kupunguza kwa tangazo la kikao ni kuvunja mkataba.

DALILI YA 6: Mmeshinda mfululizo na pesa zimeisha

Bonasi ya 2,000 kwa ushindi inasikika ndogo. Wachezaji 18 na benchi la watu 6 ni 48,000 kwa mechi. Shinda mara tano ndani ya mwezi, ni 240,000. Nimeona mweka hazina akitoka uwanja wa Moi ameinamisha kichwa wakati mashabiki wanacheza barabarani, na sikuwa na la kumwambia.

Bajeti ya bonasi iandikwe kwa mwezi bora kabisa unaoweza kuuota. Au badilisha mfumo: mfuko mmoja kwa pointi za mwezi, unaolipwa pamoja na mshahara. Wachezaji wetu waliukubali walipoona unalipwa kweli mara mbili mfululizo, si kabla.

DALILI YA 7: Chipukizi mliyemlea anaondoka bure

Hii inaniuma kuliko zote, maana ukanda huu hauna njaa ya vipaji. Tuna Kakamega School, Musingu, Kisumu Day, St. Anthony's Kitale, kijana anatoka huko akiwa tayari amezoea mechi zenye presha. Timu isiyo na pesa hujengwa hapo, kisha inampoteza kwa kutoangalia kalenda.

Chanzo kinachoongoza: mkataba umebaki chini ya miezi sita. Kuanzia hapo mchezaji ana ruhusa ya kuzungumza na kusaini na klabu nyingine kwa msimu ujao, na nyinyi hampati kitu. Kinachofuata: mlimsajili kwa mwaka mmoja "tumwone kwanza". Cha tatu: hana mkataba wa maandishi hata kidogo, ana fomu ya usajili tu.

Ukaguzi rahisi: panga mikataba yote kwa tarehe ya kuisha, na kila mmoja uwekee alama ya miezi 12 kabla. Alama ikifika, mnaketi naye, mzazi akiwepo, mnaongeza au mnamuuza. Mchezaji wa chini ya miaka 18 mkataba wake kwa kanuni za FIFA hauwezi kupita miaka mitatu, wa wengine mitano, na muda huo unawatosha kama mtaanza mapema.

Tiba ya ndani zaidi ni kumbukumbu. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa na mkataba, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa waliomlea kuanzia mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi 23: robo ya asilimia kwa kila mwaka mpaka wa kutimiza 15, nusu asilimia kwa kila mwaka kuanzia wa 16. Kwa uhamisho wa dola milioni moja, klabu iliyokaa naye miaka miwili, wa kutimiza 17 na wa kutimiza 18, inastahili dola 10,000. Fedha hizo hutolewa kwa ushahidi wa usajili, si kwa picha za zamani.

Sisi tulikosa dai moja la namna hiyo kwa sababu fomu ya kijana ilikuwa kwenye sanduku lililonyeshewa mvua stoo. Tangu hapo, kila fomu inapigwa picha siku inapotiwa saini na kutumwa kwenye barua pepe ya klabu, ile ya klabu, si ya katibu, na faili linaandikwa jina, tarehe ya kuzaliwa na msimu.